Mfupa wa Nyonga na Misumari Yake

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mzee akianguka na kuvunjika nyonga, watu wengi huona kwamba huo ndio mwisho wa uhunzi wake. Humlaza, humkanda kwa maji ya moto, humletea uji, kisha hungoja. Hata akifa baada ya miezi miwili mitatu, husema, "Uzee umemchukua." Hawaulizi ni kitu gani hasa kilichomwua, wala kama palikuwa na njia ya kumponya.

Mawazo hayo si ya watu wa nchi zetu peke yao. Madaktari wa Ulaya na Marekani nao walikuwa nayo kwa muda wa miaka mingi, na wale wa kwanza walioyaacha walibishiwa sana na wenzao. Basi mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu hao: jinsi walivyotafuta njia ya kuushika mfupa wa nyonga, ni njia zipi walizozijaribu, na ni ipi iliyo bora kwa mgonjwa yupi.

Mfupa wenyewe

Mfupa wa paja ndio mrefu kuliko mifupa yote ya mwili, na nguvu zake ni nyingi. Juu una kichwa cha mviringo kama tufe, kilichoingia katika tundu la mfupa wa kiuno, na humo ndimo kinamozunguka mtu anapotembea, anapoinama na anapoketi. Kati ya kichwa na mti wa mfupa pana shingo iliyokwenda mshazari. Chini ya shingo, mahali inapoungana na mti, pana vinundu viwili ambapo misuli mikubwa imeshikamana. Umbo hili ni jema kwa kutembea, lakini lina udhaifu wake, kwa kuwa uzito wote wa kiwiliwili hupita katika shingo ile iliyoinama. Tena mtu akizeeka, hasa mwanamke, mifupa yake hupungua ugumu na kuwa myepesi ndani, hata kuanguka kwa kimo chake mwenyewe kwatosha kuivunja.

Mvunjiko wa hapo huwa wa namna mbili, na afadhali msomaji azishike vema, maana habari yote inayofuata yasimama juu yake. Namna ya kwanza ni kuvunjika shingoni, ndani ya mfuko wa kiungo. Namna ya pili ni kuvunjika chini kidogo, penye vinundu, nje ya mfuko huo. Ukiwatazama wagonjwa wawili kwa nje, waweza kuwaona sawasawa: mguu umefupika, wayo umegeukia nje, na mwenyewe hawezi kuuinua. Lakini mifupa yao haiponi sawasawa. Mishipa ya damu inayokilisha kichwa hupanda ikiambatana na shingo. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa hukatika, na kichwa hubaki kama tawi lililokatwa mtini. Penye vinundu sivyo. Hapo damu ni tele na mfupa huunga upesi, ila huelekea kuunga vibaya, umepinda na kufupika.

Mtu aliyezitenga vema namna hizi mbili alikuwa mpasuaji wa London, jina lake Astley Cooper, katika kitabu alichokitoa mwaka 1822. Aliona kwamba mvunjiko wa shingoni kwa kawaida hauungi, akasema sababu moja kubwa ni upungufu wa damu katika kichwa cha mfupa. Akaona na neno la pili, ambalo wengi walilisahau baada yake: kulazwa muda mrefu kwawadhuru wazee. Kwa hiyo wagonjwa wa shingo hakupenda kuwafunga kitandani kwa miezi. Aliwapumzisha kwa muda mfupi, kisha akawaketisha kitini na kuwafundisha kutembea kwa magongo, ingawa mfupa haujaunga. Walibaki vilema, lakini walibaki hai.

Jinsi kitanda kinavyoua

Hapa yafaa tuulize: mvunjiko wa mfupa mmoja wamwuaje mtu? Jibu ni kwamba mara nyingi mfupa hauui. Kinachoua ni kulala. Mzee alalaye chali bila kugeuka hapumui kwa nguvu. Makohozi hukaa katika mapafu, na homa ya mapafu humshika. Ngozi ya matako na visigino hukandamizwa, ikafa, yakatokea madonda ya kulalia. Damu hupita polepole katika miguu isiyotembea, nayo huweza kuganda. Kipande kilichoganda kikipanda mpaka mapafuni, mgonjwa aweza kufa mara moja. Misuli hunyauka, hamu ya chakula hupotea, na akili huchanganyikiwa.

Basi daktari alikuwa mbele ya mabwana wawili wanaogombana. Mfupa wataka utulivu ili uunge; mwili wataka mwendo ili uishi. Ukimtii wa kwanza, mgonjwa hufa akiwa na mfupa mzima. Ukimtii wa pili, huishi na mguu usiofaa. Historia yote ya misumari ya nyonga ni historia ya kutafuta njia ya kuwapatanisha mabwana hawa, yaani kuushika mfupa kwa ndani hata utulie, huku mwenye mfupa akiinuka na kwenda.

Kamba, mawe na plasta

Kabla ya misumari, madaktari walijaribu kuushika mfupa kwa nje. Mwaka 1861 Gurdon Buck wa New York alieleza namna ya kuuvuta mguu kwa kamba na uzito uliotundikwa mwisho wa kitanda, ili misuli isiufupishe. Njia hii ni rahisi nayo hupunguza maumivu, lakini humfunga mgonjwa kitandani kwa wiki nyingi. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Royal Whitman, naye wa New York, alifundisha kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, kuunyosha mguu, kuupanua upande na kuugeuza ndani mpaka vipande vikutane, kisha kumfunga plasta ngumu tangu kifuani mpaka mguuni. Mifupa mingi iliyokuwa haiungi ikaunga. Lakini mfikiri mzee wa miaka 75 aliyefungwa katika gamba kama kobe kwa miezi miwili au zaidi! Waliovumilia walipona, na wasioweza walikufa humo. Hata mwaka 1935 Kellogg Speed, mpasuaji wa Marekani, alipoandika juu ya mvunjiko wa shingo, aliuita mvunjiko ambao bado haujapata ufumbuzi.

Msumari wenye mabawa matatu

Fikira ya kuupigilia mfupa msumari ilikuwako tangu zamani. Wapasuaji kadhaa wa Ujerumani waliijaribu katika karne ya 19, na mwaka 1883 Nicholas Senn wa Marekani, baada ya kufanya majaribio kwa mbwa, aliwaambia wenzake kwamba shingo ya paja hukosa kuunga kwa sababu haishikwi vizuri. Wengi hawakumkubali. Nao hawakuwa wapumbavu, kwa maana zana zilikuwa hazijatimia. Dawa ya usingizi ilikuwako tangu ilipoonyeshwa Boston mwaka 1846, na Joseph Lister alikuwa ametangaza mwaka 1867 jinsi ya kuzuia usaha katika majeraha. Lakini macho ya kuona ndani ya mwili yalikuwa hayajapatikana mpaka Wilhelm Röntgen alipovumbua mionzi ya eksirei mwaka 1895. Tena chuma cha siku zile kilishika kutu mwilini, na msumari wa mviringo uliacha kichwa cha mfupa kizunguke juu yake kama gurudumu juu ya ekseli.

Aliyelifungua fundo hili alikuwa Marius Smith-Petersen. Mtu huyu alizaliwa Norwei mwaka 1886, akahamia Marekani akiwa kijana, akawa mpasuaji wa mifupa huko Boston. Mwaka 1925 alianza kutumia msumari usio wa mviringo, bali wenye mabawa matatu, hata ukiukata kati waona umbo la nyota ya ncha tatu. Mabawa yale yaliuzuia mfupa usizunguke, wala hayakula nafasi kubwa ndani yake. Mwaka 1931 yeye na wenzake walitangaza habari za wagonjwa wao, na tangu hapo njia hiyo ikaenea duniani.

Lakini yeye alikipasua kiungo na kukifungua ili aone kwa macho, na kazi hiyo ilikuwa nzito kwa wazee. Mwaka 1932 Sven Johansson wa Göteborg, Sweden, alitoboa msumari ule tundu katika urefu wake wote. Akapitisha kwanza waya mwembamba kupitia kitundu kidogo ubavuni, akapiga picha ya eksirei kuona kama waya umekwenda sawa, kisha akauvika msumari juu ya waya na kuupigilia. Kiungo hakikufunguliwa tena. Neno la kutu nalo lilipata jibu mwaka 1937, wakati Charles Venable na Walter Stuck wa Texas walipoonyesha kwamba madini mbalimbali yakikutana katika majimaji ya mwili huzaa umeme mdogo unaoyala madini hayo na kuudhuru mfupa. Wakasifu mchanganyiko wa kobalti na kromi usiofanya hivyo. Basi fundi akajua kwamba msumari na parafujo zake sharti ziwe za madini ya namna moja.

Parafujo itelezayo

Msumari wa mabawa ulifaa shingoni, lakini penye vinundu haukutosha, kwa kuwa sehemu ya chini haikuwa na kitu cha kuushika. Mwaka 1937 Lawson Thornton aliufunga bamba la chuma mwishoni, nalo bamba likakazwa kwa parafujo ubavuni mwa paja. Mwaka 1941 Eugene Jewett akatengeneza msumari na bamba kuwa kitu kimoja. Kilikuwa chombo imara, na imara ile ndiyo iliyokuwa kasoro yake. Mfupa unapounga, vipande vyake hutitia kidogo na kukaribiana. Msumari usioweza kurudi nyuma hubaki mahali pake huku mfupa ukishuka. Mwisho ncha yake hutoboa kichwa na kuingia kiungoni, au chuma chenyewe huvunjika.

Dawa yake ilikuwa kukiachia chuma kiteleze. Fundi Ernst Pohl wa Ujerumani alibuni parafujo nene inayoshika kichwa cha mfupa kwa meno yake, na mkia wake huteleza ndani ya mrija wa bamba; madaktari Schumpelick na Jantzen walitangaza matumizi yake mwaka 1955, na mwaka 1964 Clawson wa Seattle aliieneza Marekani. Msomaji aliyelima kwa jembe la kale, lile ambalo mkia wa chuma hupenya katika kirungu cha mpini, ataelewa mara moja. Kila pigo la jembe huuingiza mkia ndani na kuukaza. Vivyo hivyo kila hatua ya mgonjwa huubana mfupa juu ya mfupa, ukaunga upesi. Hapo mwendo, ambao zamani ulihesabiwa kuwa adui wa mfupa, ulifanywa kuwa msaidizi wake.

Msumari wa ndani ya uboho

Njia nyingine ilitoka Kiel, Ujerumani, ambako Gerhard Küntscher alikuwa akipigilia msumari mrefu katika tundu la uboho la mfupa wa paja, akaitangaza kazi hiyo mwaka 1940. Katika miaka ya 1980 wapasuaji waliiunganisha fikira yake na parafujo itelezayo: msumari hukaa ndani ya mfupa, na parafujo hupita katikati yake mpaka kichwani. Faida yake ni kama ya mtu achukuaye ndoo karibu na mwili, ambaye hachoki kama yule aichukuaye kwa mkono ulionyoshwa. Chuma kilicho ndani kiko karibu na njia ya uzito kuliko bamba lililo ubavuni. Kasoro yake katika miaka ya kwanza ni kwamba mti wa mfupa mara kwa mara ulipasuka karibu na ncha ya msumari. Umbo lake lilirekebishwa baadaye, na ajali hizo zikapungua.

Kuondoa kichwa na kuweka kingine

Ilibaki shida ya kichwa kilichokosa damu. Mwaka 1940 Austin Moore na Harold Bohlman walimwondolea mgonjwa mmoja mwenye uvimbe sehemu ya juu ya mfupa wa paja, wakamwekea ya chuma, naye akatembea. Karibu na mwaka 1950 Moore, na Frederick Thompson kwa upande wake, walitengeneza vichwa vya chuma vyenye shina la kuingia katika uboho, vikawa msaada mkubwa kwa wazee waliovunjika shingo. Mwaka 1962 John Charnley wa Uingereza akafanikiwa kubadili kiungo chote, kichwa cha chuma kikizunguka katika kikombe cha plastiki ngumu.

Lakini si kila shingo iliyovunjika inahitaji kichwa kipya. Mwaka 1961 Robert Garden wa Preston, Uingereza, aliigawa mivunjiko ya shingo katika daraja 4, kwa kutazama vipande vimeachana kiasi gani. Visipoachana, mishipa yaweza kuwa mizima, na parafujo zatosha. Vikiachana kabisa kwa mzee, kichwa kwa kawaida huondolewa. Kwa kijana hujaribiwa kwanza kuokolewa, maana chuma huchakaa, na kijana ana miaka mingi mbele yake.

Ipi iliyo bora?

Zamani kila mpasuaji alisifu msumari wake, kama kila mwamba ngoma avutavyo kwake. Siku hizi madaktari huwagawa wagonjwa kwa njia ya kura, nusu wapate chombo hiki na nusu kile, kisha huwahesabu bila upendeleo. Mwaka 2017 zilitangazwa habari za wagonjwa 1,108 wa nchi 8 waliovunjika shingo. Waliowekewa parafujo itelezayo, 20 katika kila 100 walipasuliwa tena ndani ya miezi 24. Waliowekewa parafujo nyembamba kadhaa, 22 katika kila 100. Tofauti hiyo ni ndogo mno, yaweza kutokea kwa bahati tu. Mwaka 2019 wagonjwa 1,495 walilinganishwa, wengine wakibadilishwa kichwa tu, wengine kiungo chote. Waliopasuliwa tena katika miezi 24 walikaribia 8 katika kila 100 pande zote mbili. Na kwa mvunjiko wa kawaida wa vinundu, bamba lenye parafujo itelezayo halishindwi na msumari wa uboho, nalo bei yake ni nafuu. Msumari wa uboho huonekana bora pale mvunjiko uliposhuka chini sana, au ulipokatika kinyume.

Twaona basi kwamba baada ya miaka mia ya kubuni, vyombo vyenyewe vimekaribiana sana. Neno kubwa si jina la msumari, bali ni mgonjwa kuchaguliwa njia iliyo yake, na kuinuliwa mapema. Mwaka 2020 wagonjwa 2,970 wa nchi 17 walilinganishwa: nusu yao walipasuliwa kiasi cha saa 6 baada ya kutambuliwa mvunjiko, na nusu kiasi cha saa 24. Waliokufa katika siku 90 walikuwa 9 na 10 katika kila 100, tofauti isiyotosha kuthibitisha kitu. Lakini waliopasuliwa mapema walichanganyikiwa akili kwa uchache, wakasimama na kwenda nyumbani upesi zaidi. Hao wote wawili, wa saa 6 na wa saa 24, wako mbali sana na yule aliyelazwa mkekani mwezi mzima.

Katika nchi zetu zana hizi hazijafika kila mahali, na hospitali nyingi bado huuvuta mguu kwa kamba na uzito. Lakini zimefika. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, Marekani, hutengeneza misumari iwezayo kuingizwa hata mahali pasipo na mashine ya eksirei chumbani mwa upasuaji, na misumari hiyo imetumika Muhimbili, Dar es Salaam, kuunga mifupa ya paja.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, tukimwona mzee ameanguka, na mguu wake umefupika na kugeukia nje, tusiukande wala kuuvuta wenyewe. Tumlaze juu ya kitu kigumu, mguu ukiegemezwa mito pande zote mbili, na siku ile ile tumpeleke hospitali yenye mpasuaji. Huko tuulize maneno mawili: mfupa umevunjika shingoni au penye vinundu? Na mgonjwa ataketi lini? Hata pale ambapo upasuaji hauwezekani, tusimwache alale chali tu. Tumwinue kiwiliwili, tumgeuze kama wauguzi watakavyotuonyesha, apumue kwa nguvu, ale na kunywa. Hayo Astley Cooper aliyajua mwaka 1822, wala hakuwa na msumari hata mmoja.